Ukuta wa Chumba cha Tumpe

Kitana kilifika Tukuyu siku ya Jumatatu, ndani ya boksi la biskuti lililosafiri kutoka Chile, na Subilaga alikuwa na siku mbili tu za kuamua kama ni kioja au ni upuuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila Jumatano watu laki mbili na ushee walifungua jarida lake la mtandaoni, Vioja vya Jumatano, kuona wiki hii dunia imebuni nini tena. Alishawaletea mwavuli wa Korea unaogoma kufunguka mkononi mwa aliyeuiba. Alishawaletea sufuria inayoimba maharage yakiiva, soksi zinazoitana zikipotezana, na roboti ya Ureno iliyofundishwa kupiga miayo ili watoto wapate usingizi. Kila kitu alikijaribu mwenyewe kwanza, hapo hapo nyumbani kwake, na kama ni uongo aliandika ni uongo, bila kumwonea mtu haya. Subilaga akisema kitu kinafanya kazi, basi kinafanya kazi, watu hawakuuliza mara mbili.

Aliyekitengeneza kitana hicho ni bibi mmoja wa mji wa Valparaiso, jina lake Ismenia, daktari wa meno mstaafu. Kilikuwa na sindano mia moja na ishirini, nyembamba kuliko unywele, ambazo bibi huyo alizichonga kutokana na vyuma vyake vya kuchokonolea meno ya watu. Unakipitisha kwenye ukuta taratibu, unavaa vidude vya masikioni, unasikiliza. Barua iliyokuja nacho ilieleza mambo kwa lugha rahisi. Fundi akiwa analainisha saruji mbichi kwa mwiko wa chuma, na huku anaongea, sauti yake inashuka kutoka kifuani, inapita mkononi, inautetemesha mwiko. Mwiko unaacha michirizi kwenye saruji, midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Saruji ikishika, maneno yameshikwa humo humo. Ismenia aliongeza masharti matatu: ukuta usiwe umepakwa rangi, ukuta uwe mkavu kabisa, na ujue kwamba sindano zinakwangua, kwa hiyo kila sehemu inasomeka mara moja tu.

Subilaga alicheka aliposoma. Amekutana na matapeli wengi, na wengi wao huandika barua nzuri kuliko wakweli. Akachukua kitana na binti yake Tumpe, wa miaka minne na nusu, wakaenda kwenye ghala la chama cha wakulima wa parachichi, jengo la zamani lisilojua rangi tangu lijengwe. Akamwomba mlinzi ruhusa, akachagua kona ya nyuma penye niru, ule uso wa saruji tupu, iliyolainishwa vizuri, akapitisha kitana.

Mwanzoni alisikia mkwaruzo, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Akapunguza mwendo. Ndipo sauti ya mwanamume ikaingia masikioni mwake, nzito, ya mtu aliyechoka, inalalamika kwamba viatu vinambana, kwamba alimwambia muuzaji vinambana, na muuzaji akamjibu vitatanuka vyenyewe. Basi. Mkono ukafika mwisho wa ukuta. Ghala lile lilijengwa miaka arobaini na mitatu iliyopita, na mwenye viatu bila shaka alishazikwa zamani, navyo au bila navyo.

Tumpe alipewa vidude avae, na mama yake akamchezeshea kile alichokirekodi, mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Subilaga hakucheka tena. Aliketi kwenye gunia, akamwambia mtoto maneno ambayo baadaye aliyajutia kuliko yote, kwamba huenda baba yake naye yumo ukutani, kwenye chumba chake Tumpe, na siku si nyingi watamsikia.

* * *

Ili uelewe kwa nini mwanamke mzima wa kazi yake anaketi kwenye gunia kwa ajili ya viatu vya marehemu, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mumewe, Lugano, alikuwa fundi wa plasta, na alikuwa na mdomo. Alikuwa anaongea na saruji, anaongea na mchanga, anaongea na ukuta kana kwamba ukuta umemuuliza swali. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata wakimwacha jengoni peke yake siku nzima, jioni watamkuta amegombana na nguzo. Subilaga alimpenda kwa hilo hasa. Alikulia nyumba ya watu wakimya, na kuolewa na Lugano kulikuwa kama kuhamia karibu na soko.

Mimba ya Tumpe ilipofika mwezi wa saba, madaktari walimlaza wiki tatu, wakamkataza hata kusimama. Wiki hizo tatu Lugano akazitumia kupiga plasta chumba cha mtoto, peke yake, na kukipiga niru kuta zote nne kama sakafu ya mtu mwenye cheo. Rangi hakupaka, alisema mwenye chumba atachagua mwenyewe akikua. Alikuja wodini na saruji kwenye nyusi, akamwambia mkewe, "Mwanao nimeshamsimulia kila kitu. Na jina nimeshamwambia. Wewe utaambiwa akitoka." Subilaga alimwita mwehu, wakacheka, muuguzi akawanyamazisha. Siku nane baadaye jukwaa la mafundi kwenye kiwanda cha chai lilikatika, na Lugano akafa kabla ya kufikishwa popote. Mtoto alizaliwa miezi miwili baada ya mazishi. Jina la Tumpe alipewa na ukoo, maana lile jingine hakuna aliyelijua.

Siku ya arobaini, simu ya Subilaga ikatoa mlio mmoja mfupi. Ujumbe ulisema: kwa mujibu wa sheria, sauti ya marehemu imeondolewa. Simu ya mama mkwe ikatoa mlio ule ule, na za rafiki zake Lugano, na ya mchungaji aliyewafungisha ndoa. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya ule mwaka mbaya wa sauti za kughushi, mwaka ambao watu walipigiwa simu na mama zao waliokufa, wanalia, wanaomba wafuatwe stendi kuna baridi, na watu wakaenda kweli, wakawa wanakaa stendi mpaka asubuhi. Ikaamuliwa kwamba mtu akifa, sauti yake nayo ifutwe kila mahali, isije ikaokotwa na wahuni. Subilaga aliiunga mkono sheria hiyo jaridani kwake, kwa maneno makali. Wakati ule Lugano alikuwa jikoni, anaongea na jiko.

Kwa hiyo Tumpe hakuwahi kumsikia baba yake, hata neno moja. Subilaga mwenyewe, mwaka wa tatu, aligundua kwamba anakumbuka maneno ya mumewe lakini sauti imeanza kumtoka. Alikuwa anaikazania usiku na mchana, na kadiri alivyoikazania ndivyo ilivyozidi kufanana na sauti yake mwenyewe.

* * *

Kuta tatu za chumba cha mtoto zilishaharibika. Moja ilikuwa na dirisha na kabati la ukutani, nafasi ya kusoma haikubaki, mbili ndugu wa Lugano walizipaka rangi wakati wa msiba, kwa nia njema, ili waombolezaji wakute nyumba safi. Ulibaki ukuta mmoja, ule wa kichwani pa kitanda, mpana hatua tano. Subilaga akaubandikia kipimo cha unyevu, na kipimo kikamkatalia. Ilikuwa msimu wa mvua, na mvua ya Rungwe mnaijua, inanyesha kama imetumwa. Ukuta ulikuwa umelowa kwa ndani, na juu karibu na dari ulikuwa umeanza kupata nyufa. Angeupitishia kitana hivyo hivyo, angepata uji wa sauti.

Akaweka kioja kingine cha akiba kitoke Jumatano ile, akapiga simu chuo kimoja cha Mbeya, wakakubali kumwazima mashine ya kukaushia kuta, ila aifuate mwenyewe na afundishwe kuitumia, siku tatu. Kabla hajaondoka akampeleka Tumpe kwa bibi yake, mama mkwe wake Atuganile, ng'ambo ya shamba la migomba. Habari ya kitana hakumwambia. Aliogopa kumpa mama wa watu tumaini ambalo huenda lingekuwa mkwaruzo mtupu. Alimwambia tu kwamba ukuta wa chumba cha Tumpe umepata nyufa, na anaomba mtoto akae huko, asije akauchokonoa.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la sisi Wanyakyusa, sijui kama watu wengine wangelifanya.

Mkwe wa kike kwetu haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hamsemeshi, na jina lake halitamki. Subilaga, pamoja na mitambo yake yote, alikuwa anaishika mila hiyo sawasawa, maana alimheshimu mzee. Jina la mzee hajawahi kulitia mdomoni, na kwa kuwa simulizi hii inakwenda naye sambamba, nasi tutamwita baba mkwe tu. Vijana wa Kyela walikuwa wameunda kifungo cha kubana kwenye nguo, kinachotetemeka baba mkwe akiwa ndani ya hatua mia mbili, ili mwanamke apate muda wa kupita njia nyingine. Subilaga alikiandika jaridani, na kikauzwa kama maandazi. Yeye na mzee walikuwa navyo wote wawili, na kwa miaka saba hawakuwahi kutazamana usoni.

Lakini walikuwa wanaongea. Waliongea kwa njia ya Atuganile, tena bila kuagizana. Subilaga akitaja tu mbele ya mama mkwe kwamba paa linavuja, kesho yake akirudi kutoka sokoni anakuta paa limezibwa na ngazi imeondolewa. Akilalamika mlango unakwama, mlango unarandwa. Mzee, ambaye ndiye aliyemfundisha Lugano kushika mwiko, alikuwa hawezi kumuuliza mkwewe anahitaji nini, kwa hiyo alijifunza kulichukua kila neno lake kama ombi. Subilaga alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Siku ile kichwa kilikuwa Mbeya, akataja nyufa, akapanda gari akaenda zake.

* * *

Aliporudi siku ya nne, amebeba mashine ya kukaushia begani, Atuganile alikuwa amemsubiri uani na uso umechangamka. Akamshika mkono, akamwingiza ndani bila hata kumwacha atue mzigo. Alisema mzee amefanya kazi siku mbili mfululizo, mgongo unamuuma lakini amekataa msaada, amesema chumba cha mjukuu wake hakiguswi na mtu mwingine.

Harufu ya saruji mbichi ilimpokea Subilaga kabla hajafika mlangoni. Ukuta wa kichwani pa kitanda ulikuwa mpya. Mzee alikuwa ameibomoa plasta ya zamani yote mpaka kwenye tofali, ameweka nyingine, ameipiga niru, na ilikuwa inang'aa kwa maji. Ilikuwa kazi safi. Hata pima maji isingeona kosa.

Subilaga alishika fremu ya mlango. Mle ndani mlikuwamo mumewe wiki tatu nzima, na vicheko vyake, na jina alilomchagulia mwanawe. Alitaka kulia kwa sauti mpaka majirani wajae uani. Lakini Atuganile alikuwa amesimama hapo, mama aliyemzika mwanawe, ana furaha kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, anasubiri mkwewe aseme neno.

"Ndaga fijo, Mama," Subilaga alisema. "Mwambie baba nimeshukuru sana."

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida, plasta ya zamani imetupwa wapi. Atuganile akamwelekeza kwa kidevu. Mzee hakuitupa, aliichukua kwa toroli akajazia lile shimo la njia ya kwenda mtoni, akaishindilia kwa nyundo ya mti isije ikawakwaza watoto.

Subilaga alingoja mama mkwe aende zake. Halafu akachukua jembe la palizi na ndoo, akashuka njia ya mtoni. Mvua ilikuwa imekatika saa hiyo. Shimo lilikuwa limejaa vizuri, limeshindiliwa kifundi, na matairi ya trekta yalishapita juu yake. Alipiga magoti akachimbua kwa jembe, kisha kwa mikono. Vipande vilikuwa vinavunjika kama mikate ya jana, vingi havizidi ukubwa wa kucha, na uso wa niru ulikuwa umesagwa ukawa unga. Hapo machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Alikuwa amepata kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja, kina uso mzima, alipogundua kwamba kifungo kinatetemeka kwenye blauzi, labda kwa muda mrefu. Akainua macho. Baba mkwe wake alikuwa amesimama juu ya njia, hatua ishirini hivi, mzee mwembamba mwenye kofia ya mvua. Kifungo cha mzee, nadhani, kilikuwa juu ya koti la mvua, hakukisikia. Kwa mara ya kwanza walionana, yeye yuko chini na tope mpaka viwikoni, analia juu ya plasta aliyoishindilia mzee. Mzee akageuka haraka, akampa mgongo, akasimama hivyo muda kidogo kama anataka kuuliza kitu. Akarudi alikotoka kwa njia ndefu ya kupitia kanisani.

Kipande kile Subilaga alikikausha siku mbili kwa mashine ya Mbeya na jua la vipande vipande, akakipitishia kitana taratibu. Kilitoa mkwaruzo, halafu sauti ndogo ya mtu anavuta pumzi, kama anataka kuanza kusema. Ikaishia hapo. Hakuweza hata kujua kama ni pumzi ya Lugano au ni mwiko tu umebadilisha upande.

* * *

Jumapili baada ya ibada Atuganile alikuja na Tumpe. Alikaribishwa chai, hakuinywa. Alisema mzee hajala tangu siku ile ya njiani.

Tumpe ndiye aliyefungua mambo. Jioni ya siku ile ile, babu yake aliporudi kutoka njiani, alimsimulia habari yote, ghala, sindano, mtu wa viatu, na kwamba baba yake yumo ukutani. Atuganile alieleza taratibu, anatazama kikombe. Kwanza mzee alifurahi kupita kiasi. Alisema sauti ya kijana wake imemtoka kichwani, na kwamba atamwomba mkwewe amtafutie ukuta wowote ambao Lugano aliupiga peke yake, amsikie hata dakika moja, afe ametulia. Akaanza kuzitaja kuta, moja baada ya nyingine. Hii ina rangi. Hii tulipiga wote wawili. Hii ilibomolewa. Alipofika kwenye chumba cha Tumpe akaacha kuzitaja, akasukuma sahani kando.

"Anauliza maswali mawili," Atuganile alisema. "Ni kweli kuta zinashika maneno? Na kama ni kweli, ule aliouvunja yeye ulikuwa na nini?"

Subilaga alisema bado anakijaribu kitana, na kwamba atajibu Jumatano jaridani, kama anavyojibu kila kitu. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Tumpe, mzee ana miaka themanini na moja. Mimi siombi kitu. Nasema tu hajala."

Siku tatu zilizofuata Subilaga hakujua kula wala kulala. Ukweli ulikuwa mwepesi kuuandika, maneno matatu yangetosha. Kitana kinafanya kazi, na kingekuwa kioja kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuviandika. Alijua pia kilikuwa zaidi ya kioja. Nchi nzima ilikuwa imefutiwa sauti za wafu wake, na kumbe sauti hizo zimelala kwenye maghala, kwenye shule, kwenye vyumba vya watu, zinangoja mtu apite na sindano. Kulikuwa na wajane kama yeye huko Songea na Bukoba ambao mwezi huu huu walikuwa wanapanga kupaka rangi ukuta wa mume aliyekufa. Akiwaambia leo, watauacha. Asipowaambia, wataupaka, na hawatajua kamwe walichokifunika. Je, alikuwa na haki gani ya kuwanyima, kwa ajili ya mzee mmoja?

Halafu anamwona mzee amesimama njiani, amempa mgongo, kofia inachuruzika. Mtu aliyemzibia paa miaka saba bila kuambiwa ahsante ana kwa ana. Ukweli ungemfikia huyo kwanza, na ungemwambia kwamba kwa mikono yake mwenyewe, kwa nyundo yake, amemuua kijana wake mara ya pili, kisha akamtembezea trekta. Alijaribu kuandika kwa upole. Alijaribu kuandika kwamba kitana kinafanya kazi lakini si kuta zote. Mzee alikuwa fundi. Angejiuliza niru ya mwanawe ilikuwa safi kiasi gani, na angejijibu mwenyewe.

Jumatano saa nne asubuhi, Vioja vya Jumatano vilitoka. Subilaga aliandika kwamba amepokea kitana cha kusikiliza kuta, amekijaribu siku tisa, na hakifanyi kazi. Sauti zinazosikika zinatengenezwa na mashine yenyewe. Saruji haishiki maneno. Msipoteze muda wenu, aliandika, na msiwatie watu wenye msiba matumaini ya bure. Kabla ya kutuma alifuta rekodi ya mtu wa viatu. Kisha akakunja sindano za kitana kwa koleo, moja baada ya nyingine, zote mia moja na ishirini, akakirudisha kwenye boksi. Pumzi ya kile kipande nayo aliifuta, maana aliona kama akiibakiza atakuja kumwonyesha mtu.

* * *

Jibu la Ismenia liliingia mchana ule ule. Lilikuwa fupi. "Mimi nilimsikia dada yangu kwa kitana hicho, dakika nne. Wewe nilikuchagua kwa sababu watu wanasema husemi uongo." Subilaga alilisoma mara nyingi. Alianza kumjibu, akafuta, akaanza tena, mwisho akafunga kompyuta. Kile ambacho kingemtetea ndicho kile kile asichoweza kumwambia mtu yeyote maishani.

Wasomaji walimpongeza kama kawaida. Walisema ndiyo maana tunakupenda, wewe hudanganyiki.

Tumpe alirudi kutoka shule ya awali akiwa amekasirika, maana mwalimu alikuwa amewasomea. Alisimama mbele ya mama yake na mkoba mgongoni, akasema yeye alimsikia mtu wa viatu kwa masikio yake mwenyewe, na mama alimsikia, na mama alisema ni kweli. Subilaga alimvua mkoba, akamwambia ilikuwa mashine tu. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa hajawahi kumtazama mama yake hivyo, na Subilaga ndiye aliyeshusha macho kwanza.

Saa kumi na moja jioni Atuganile akaja, anatembea haraka kidogo kuliko umri wake. Hakukaa. Alisema mzee amesomewa jarida mara mbili, ameomba lisomwe mara ya tatu, halafu ameomba chakula. Amekula ndizi na maharage, akaomba aongezewe. Sasa amekaa barazani ananoa mwiko.

"Amesema nikwambie, mkwe wangu amenitua mzigo," Atuganile alisema. "Alikuwa anaogopa, unajua. Alikuwa anaogopa kitu kibaya sana."

"Mwambie asiogope," Subilaga alisema. "Kulikuwa hakuna kitu."

Mama mkwe alimshika shavu kwa mkono wake mkavu, akamtazama. Huenda alijua. Wazee wanajua mengi na hawasemi. Akaaga, akaondoka kupitia migombani.

Subilaga aliingia chumba cha mtoto. Ukuta mpya ulikuwa umekauka katikati na bado mweusi pembeni. Tumpe alikuwa amekaa kitandani, ameliegemeza sikio lake ukutani, ametulia kabisa, kama mgonjwa anayepimwa. Alipomwona mama yake akajitoa, mwenye aibu kidogo.

"Kwa hiyo baba hayumo," alisema.

"Hayumo, mwanangu."

"Alikuwa anaongeaje?"

Subilaga akakaa kando yake. Alifumba macho, akakusanya kila alichokuwa nacho, wodi, saruji kwenye nyusi, mdomo unaocheka kabla ya maneno. Akavuta pumzi, akaifanya sauti yake nzito, akasema, "Mwanao nimeshamsimulia kila kitu."

Tumpe alingoja, kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo ni sauti yako, mama."